Mapaa Mia Sita na Kumi na Mawili

Kazini walimwita Nukta. Jina lilitokana na tabia yake ya kutoridhika na maneno ya mdomo. Mtu akimwambia kwamba karibu na soko kuna jalala limefurika, yeye huuliza, "Karibu ni wapi? Nipe nukta." Alikuwa fundi ramani wa manispaa, peke yake katika kazi hiyo, na ofisi yake ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya mafaili, chenye dirisha lililofunguka nusu tu kwa sababu nje yake liliegeshwa tangi la maji. Ndani mlikuwa na kompyuta, mashine kubwa ya kuchapia ramani iliyokosa wino mara mbili kwa mwaka, na kiti cha mgeni kilichojaa karatasi kwa kuwa wageni hawakuwa na njia ya kujua kama kuna ofisi pale.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mama yake mzazi alimfia akiwa na miaka saba, na mdogo wa marehemu, ambaye hakujaliwa mtoto, akamchukua. Mama mdogo huyo alikuwa fundi cherehani. Aliishi bondeni, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa zamani, ambako watu walianza kujenga chumba kimoja kimoja, leo huyu kesho yule, hadi pakawa mtaa wenye kinyozi, duka la mkaa, mashine ya kusaga na ugomvi wa majirani. Humo Nukta alikaa miaka kumi na moja. Alisoma kwa mwanga wa taa ya cherehani, akifunika masikio kwa viganja mashine inapokwenda mbio. Alipoajiriwa manispaa kwa kazi isiyo ya kufagia barabara, wa kwanza kutoka bonde lile, mama mdogo aliitangaza habari hiyo hadi wateja wakaichoka. Mtu alileta suruali ikatwe pindo, akaondoka anajua kitengo, ghorofa na namba ya mlango.

Mwaka ule taka ziliishinda manispaa. Mifereji iliziba, mvua ndogo tu ikaingiza maji machafu mpaka hospitali, na magazeti yakapata la kuandika. Mkuu wa idara ya mazingira akamwita Nukta.

"Nataka majalala yote haramu ya mji huu," alisema. "Kila moja lilipo, ukubwa wake, aina ya taka, umbali kutoka kwenye nyumba na kwenye maji. Tukiyaona yote kwenye ramani moja, tutajua tuanzie wapi kuyaondoa."

Nukta alilishika neno hilo la kuyaondoa. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama Mkuu alimdanganya, na kila mara alifika mahali pamoja: hapana. Siku ile Mkuu mwenyewe aliamini anachosema.

Kazi ilimchukua miezi miwili. Alizunguka na kifaa cha GPS mkononi, futi ya kamba begani na fomu zimebanwa kwenye ubao. Alipima nyuma ya machinjio, chini ya daraja, kwenye viwanja vya watu waliohamia nchi za mbali, kando ya uzio wa shule. Alijifunza kutambua umri wa jalala kwa magugu yaliyoota juu yake. Bondeni alipaacha mwisho. Alijua ndiko kuliko kubaya zaidi, na alitaka afike akiwa ameshaizoea kazi, asije akakosea kwao.

Mama mdogo alimpokea mlangoni, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, pini tatu zimechomekwa kwenye kola.

"Umekonda," alisema kabla hata salamu haijaitikiwa. "Huko manispaa hawali?"

"Natembea sana, mama."

"Basi leo utatembea na mimi."

Haikuwa rahisi. Watu wa bonde waliwajua watu wa kupima. Kinyozi alitoka nje na mashine yake ya kunyolea mkononi, akamwacha mteja na kichwa nusu, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Wakianza kupima hawa, nyuma yao huja tingatinga. Tumeshayaona haya kwa wenzetu."

"Sipimi nyumba, kaka," Nukta akamjibu. "Napima takataka. Jalala lisipokuwa kwenye ramani, manispaa inasema haliko. Nikiliweka, hawawezi tena kusema hawajui."

"Na wakijua?"

"Waje wayaondoe."

Kinyozi hakuonekana kushawishika. Ndipo mama mdogo akajitokeza mbele. "Huyu nimemshonea sare tangu darasa la kwanza," alisema. "Hakuna kipimo chake nisichokijua. Akiwaumiza, msimtafute yeye. Mje kwangu."

Hilo likawatosha. Kufikia saa tano, Nukta hakuwa tena na haja ya kuuliza. Wanawake walimvuta mkono, "Njoo uone na hili la kwetu." Walishindana, kila upande ukitaka jalala lake liandikwe kuwa kubwa zaidi. Mzee mmoja mstaafu alimshikia ncha ya futi tangu mwanzo hadi mwisho wa siku na akakataa kupokezana na mtu.

Aliyemsaidia kuliko wote alikuwa Mama Chupa. Mwanamke huyu aliokota chupa za plastiki na kuziuza kwa kilo, na alijua majalala ya bonde kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake.

"Hili ni la hospitali," alisema, akisogeza mifuko myeusi kwa fimbo. "Usikanyage, mna sindano. Wanakuja saa nne asubuhi, mchana kweupe, gari limefunikwa namba kwa matope. Lile la kule ni la machinjio, harufu yenyewe imeshakwambia. Hili la pampasi ni letu wenyewe, sitakuficha."

"Na lile la kando ya kisima?"

"Lile lilianza na gunia moja. Mtu aliweka gunia moja akasema atarudi kulichukua."

Nukta akapima. Kutoka kwenye jalala hadi kwenye kisima zilikuwa mita kumi na tisa. Akaandika, akapiga picha, akahifadhi nukta. Kufikia alasiri ya siku ya pili alikuwa na kumi na saba katika bonde moja. Mama Chupa alizihesabu naye kwa vidole, na alipofika ya mwisho akasema, "Tumemaliza. Hakuna lililobaki." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyemaliza kuvuna shamba lake.

Ramani ilipochapwa, mji mzima ulikuwa na vidoa vyekundu mia moja arobaini na tatu. Kwenye bonde vilisongamana kama surua. Mkuu aliitundika ukutani nyuma ya kiti chake, na wageni walipokuja alizungusha kiti awaonyeshe. Nukta alipewa cheti. Mama mdogo alikitia kwenye fremu.

Kisha miezi ikapita. Gari la kuondoa taka halikuja bondeni. Mama mdogo alipompigia simu alikuwa akimuuliza kwa mzaha, "Ile ramani yenu bado haijakauka wino?" Nukta alijibu kwamba wanapanga bajeti. Baada ya mwezi wa sita mama mdogo aliacha mzaha huo, na Nukta akaona afadhali.

Mwezi wa nane alikuja Mshauri. Dampo la zamani la manispaa lilikuwa limejaa hadi vilima vyake vilianza kuporomokea barabarani, na huyu bwana alikuwa ameletwa kusaidia kutafuta mahali pa dampo jipya, la kisasa. Alikuwa mtu mpole, hanyanyui sauti, anakunywa maji ya moto matupu. Alikaa kwenye kiti cha mgeni, akiwa mgeni wa kwanza kukikalia, na akamkabidhi Nukta jedwali la vigezo: mwinuko wa ardhi, aina ya udongo, ukaribu wa barabara ya magari makubwa, umbali kutoka makazi yaliyosajiliwa, na cha mwisho, eneo lililokwisha kuathirika na taka. Hicho cha mwisho kilipewa uzito mara mbili ya vingine.

"Si haki kuchafua ardhi safi wakati ipo iliyokwisha kuchafuka," Mshauri alieleza.

Nukta alitikisa kichwa kukubali. Iliingia akilini.

Aliingiza vigezo, akazipanga tabaka zote za ramani moja juu ya nyingine, akabonyeza, akaenda kuosha kikombe. Kompyuta ilichukua dakika kumi na moja kukokotoa. Aliporudi, mji wote ulikuwa umepakwa rangi. Nyekundu ni hapafai, njano panaweza kufikiriwa, kijani panafaa. Kijani iliyokoza kuliko zote ilikuwa bonde la machimbo.

Mwanzo alidhani amekosea. Akarudia. Bonde likabaki kijani. Ndipo alipofungua tabaka moja moja na kuona kilichotokea. Kwenye tabaka la makazi yaliyosajiliwa, bonde lilikuwa tupu. Hakuna kinyozi, hakuna mashine ya kusaga, hakuna cherehani. Kwenye tabaka la maeneo yaliyoathirika kulikuwa na nukta zake kumi na saba, alizozipima hadi sentimita, zikilipandishia bonde alama. Majalala yalikuwepo. Watu hawakuwepo.

Hakuliacha jambo lile hivyo. Alichukua picha ya setilaiti, na kwa siku tisa mfululizo alichora mapaa ya bonde, moja baada ya jingine, pembe nne nne, macho yakimuwasha. Alipofika la mama mdogo, lenye kiraka cha bati jipya kwenye kona, mkono ulimsita kidogo kisha ukaendelea. Yalikuwa mapaa mia sita na kumi na mawili. Akayaingiza, akaondoa kwenye tabaka la makazi viwanja visivyo na nyumba, akakokotoa upya. Bonde likawa jekundu. Kijani ikahamia mlimani, upande wa pili wa mji, kwenye viwanja vya wakubwa ambavyo havikuwa na hata msingi, vimeota nyasi na mawe ya mipaka. Viwanja ambavyo kwenye kumbukumbu za manispaa vyote vilihesabiwa kuwa makazi.

Alichapa ramani zote mbili, akazipeleka kwa Mkuu.

Mkuu alizitazama kwa muda mrefu. "Hizi nyumba umezitoa wapi?"

"Kwenye picha ya setilaiti, Mkuu. Nyingine nimezihakiki kwa miguu."

"Zina hati?"

"Hazina."

"Basi hazimo."

"Zimo, Mkuu. Mimi nimekulia humo."

Mkuu akavua miwani, akajipangusa uso. "Sikiliza, binti yangu. Nikiweka nyumba zisizo na hati kwenye ramani ya manispaa, nimezitambua. Nikizitambua, kesho nitadaiwa barabara, keshokutwa shule. Hilo si la ngazi yangu wala yako."

"Na watu?"

"Watu watasikilizwa. Kuna mkutano wa wananchi, sheria inataka hivyo. Na madiwani ndio wenye uamuzi, siyo sisi. Wewe andika maoni yako ya kitaalamu, tutayaweka kwenye kiambatisho cha ripoti. Ramani itoke kwa vigezo vilivyokubaliwa."

Nukta aliandika kurasa nne. Aliandika kwa uangalifu, akaambatisha ramani ya mapaa, akaeleza kosa lilipo na namna ya kulirekebisha. Alipomaliza alihisi mzigo umeshuka. Hilo ndilo ambalo hakujisamehe baadaye, ule wepesi alioshuka nao ngazi za ofisi jioni ile, akiamini kwamba ameshasema. Kesho yake alichapa ramani yenye bonde la kijani. Kwenye kona ya chini kulia, mahali palipoandikwa "Imetayarishwa na", akaandika jina lake kamili, akatia saini. Hakuna aliyemshika mkono.

Kulikuwa na wiki sita kabla ya mkutano. Katika wiki hizo alikwenda kwa mama mdogo mara mbili, akala, akaosha vyombo, akasikiliza habari za mteja aliyekataa gauni baada ya kunenepa. Hakusema kitu. Alijiambia kwamba mambo ya ofisi ni ya ofisi. Kwamba akisema mapema atawatia watu hofu ya bure. Kwamba madiwani wakisoma kiambatisho watashtuka. Mara ya pili, alipokuwa anaondoka, mama mdogo alimuuliza, "Una nini wewe? Unanitazama kama mtu aliyefiwa."

"Uchovu tu, mama."

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi, katika darasa la shule iliyo juu ya bonde. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Shuka jeupe lilitundikwa juu ya ubao kwa ajili ya projekta. Ripoti ziligawiwa, moja kwa watu kumi. Nukta alikaa mbele na wenzake wa manispaa, akafungua yake kurasa za nyuma. Palikuwa na kiambatisho cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha kwake hakikuwepo. Alimtazama Mkuu, na Mkuu, bila kugeuka, akanong'ona, "Mchapaji aliambiwa apunguze kurasa. Si wakati wake huu."

Kisha ramani ikamulikwa kwenye shuka. Mkuu alieleza vizuri, bila kiburi. Alisema dampo litakuwa la kisasa, lenye uzio na mzani wa magari. Alisema eneo limepatikana kwa njia ya kitaalamu, kwa mujibu wa takwimu zilizokusanywa kwa ushirikiano wa wananchi wenyewe, na kwamba wasio na hati watapewa muda wa kutosha kuondoka.

Mama Chupa ndiye aliyesimama wa kwanza. Alikuwa amezisogelea zile rangi, pua yake karibu na shuka, na kivuli cha kichwa chake kilifunika nusu ya mji.

"Hivi vidoa," alisema, akimgeukia Nukta, "ni vile nilivyokuonyesha?"

"Ndiyo."

"Vyote kumi na saba?"

"Ndiyo, mama."

Mama Chupa akafikiri. "Kwa hiyo tungenyamaza tungepona."

Mkuu alikohoa, akataka kuendelea, lakini nyuma kabisa mama mdogo alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa vizuri. Alijua mwanawe atakaa meza ya mbele.

"Mimi sikusomea ramani," alisema. "Nionyesheni nyumba yangu ili nami nifuatilie."

"Fundi wetu atakusaidia hapo," Mkuu akasema.

Nukta akasimama. "Haipo, mama."

"Haipo wapi?"

"Kwenye ramani."

"Uliitoa?"

"Sikuiweka."

Mama mdogo alitulia, kama anavyotulia anapotafuta mahali uzi ulipokatika. "Ile miaka kumi na moja," akauliza, "ulikuwa unalala nje?"

Watu wachache walicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mama mdogo hakucheka. Aliketi, akaanza kunyoosha sketi yake magotini, na hakuinua tena uso hadi mkutano ulipokwisha. Nukta alipojaribu kumfuata nje, umati ulikuwa umeshafunga njia, na hakuna aliyesogea kumpisha.

Aliyomsababishia mama mdogo aliyasikia kwa Mama Chupa, wiki moja baadaye, sokoni. Kinyozi alikuwa amekwenda kubisha hodi kwa mama mdogo siku ile ile ya mkutano, mchana. "Ulisema akituumiza tuje kwako," alimwambia. "Tumekuja." Nyuma yake walisimama watu kumi na tisa. Mama mdogo hakumtetea Nukta wala hakumlaani. Aliwaomba radhi mmoja mmoja, kwa majina, hadi mtu wa mwisho, kisha akaingia ndani na cherehani haikusikika siku mbili.

Wakazi walifungua kesi. Nukta alimtafuta wakili wao bila kuitwa, akampa faili la mapaa na zile kurasa nne, akakubali kutoa ushahidi. Alijua anaweza kumwaga unga. Wakati huo hilo halikumtisha. Alitaka tu mahali pa kusema kwa sauti, mbele ya watu.

Mahakamani alisema yote. Alieleza vigezo, alieleza tabaka tupu, alieleza siku tisa za kuchora. Watu wa bonde walikaa viti vya nyuma wakisikiliza. Kisha wakili wa manispaa akasimama, kijana nadhifu, akaweka ramani mbili mezani.

"Hii yenye bonde la kijani ni kazi ya nani?"

"Yangu."

"Na hii yenye mapaa?"

"Yangu pia."

"Ipi kati ya hizi mbili ina saini yako?"

"Hiyo ya kwanza."

"Ulipotia saini ulilazimishwa?"

Nukta aliitazama kona ya chini kulia. "Hapana."

"Ulitishiwa kazi?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulitia saini kitu ulichojua si kweli, au leo ndiyo unasema kisicho kweli?"

"Kila kilichomo kwenye ramani ile ni kweli," alisema. "Kosa ni kwamba watu hawamo."

"Sina swali zaidi."

Hakimu alitoa uamuzi baada ya wiki tatu. Alisema mahakama inawahurumia wakazi, lakini ramani rasmi ni moja, imetayarishwa na mtaalamu mwenye sifa, na mtaalamu huyo amekiri kwamba hakushurutishwa. Kwenye korido, watu wakitoka, mama mdogo alipita karibu na Nukta kiasi cha kugusana mabega. Alisimama kidogo.

"Umesema vizuri," alisema. "Ungesema wakati unakula kwangu."

Akaendelea na njia yake.

Ubomoaji ulichukua siku nne. Nukta hakufukuzwa, alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa idara ya maji, kuchora mabomba. Mkuu alimpigia simu kumwambia kwamba alijitahidi kumtetea, na huenda ni kweli. Dampo likafunguliwa, na lilikuwa la kisasa kama walivyoahidi. Mama Chupa alikwenda na gunia lake siku ya kwanza, akasimamishwa getini. Ndani hawaingii ila wenye kitambulisho cha mkandarasi. Mlimani, kwenye viwanja vya wakubwa, nyasi ziliendelea kuota.

Mama mdogo alihama bila kuaga. Nukta alimpata miezi mitano baadaye, kwa kuuliza duka moja baada ya jingine anakonunua nyuzi. Alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya mji, nyuma ya karakana ya kuchomea vyuma, na cherehani ilikuwa kibarazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kaa hapo."

Alimvutia kiti, akakipangusa kwa kanga kuukuu. Kisha akamwita jirani, akamwomba amletee mgeni soda. Nukta aliishika ile chupa bila kujua aifanye nini. Maisha yake yote, kwa mama mdogo hakuwahi kununuliwa soda. Alikuwa akifika, anaambiwa sufuria zile pale, osha.

Waliulizana afya. Magoti ya mama mdogo yalikuwa yanamsumbua. Wateja walikuwa wachache, huku hawamjui bado.

"Njoo tukae wote," Nukta alisema. "Nina vyumba viwili."

"Vina hati?"

"Ni vya kupanga."

"Basi hata wewe humo kwenye ramani," mama mdogo akasema, akarudisha macho kwenye pindo alilokuwa akilishona.

Kwenye kona ya karakana, vyuma vibovu, maganda na mifuko ya plastiki vilikuwa vimeanza kujikusanya chungu moja. Macho ya Nukta, kwa mazoea tu, yalikuwa yameshakadiria: mita tatu kwa mbili, nusu mita kimo, hatua nane kutoka mlangoni. Mama mdogo alimwona.

"Usiliandike," alisema.

"Sitaliandika, mama."

"Ulishawahi kuniahidi mazuri zaidi ya hayo."

Mteja akaingia na kitambaa chake, mama mdogo akainuka kumpima, akaongea naye kwa uchangamfu kuhusu mikono na shingo. Nukta alisubiri. Ilipoonekana kwamba kipimo kimoja kinazaa kingine na mazungumzo hayana haraka ya kwisha, aliaga. Mama mdogo aliitikia bila kugeuka, pini mdomoni.

Tangu hapo humpigia simu kila Ijumaa. Mama mdogo hupokea, husema ni mzima, husema kazi zipo kidogo. Hamuulizi Nukta kitu chochote, na baada ya dakika moja au mbili husema kuna mtu mlangoni.